Matandazo yaliyoniulia mawaridi manne

Mgongo wangu ndio ulionipeleka kwenye matandazo, yaani kufunika udongo kwa majani makavu, nyasi au matawi yaliyosagwa. Nilikuwa na vichaka 14 vya mawaridi, safu mbili mbele ya nyumba, na kila Jumamosi nilipiga magoti na kijembe kidogo kupalilia tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Mwaka ambao daktari aliniambia nipunguze kuinama, nilibaki na njia mbili: kuyaacha mawaridi yamezwe na magugu, au kutafuta namna ya kuyazuia magugu yasiote. Nikachagua ya pili. Miezi minane baadaye mawaridi manne yalikuwa yamekwenda, na hapakuwa na mdudu wala ukame wa kulaumu. Niliyaua mwenyewe, kwa kitu kile kile nilichokiweka ili kiyasaidie.

Ushauri niliokuwa nao siku naanza ulikuwa sentensi moja niliyoisikia mara nyingi: "Tandaza matandazo kuzunguka shina." Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi kwa uchungu, kwa sababu haina uongo ndani yake na bado iliniponza. Haitaji unene. Haisemi uanze na nini kabla ya kutandaza. Na hilo neno "kuzunguka", mimi nililielewa kuwa ni kulikumbatia shina. Kwa hiyo hapa nitasema kwa vipimo, na nitasema pia nilichokiona kwa macho kila nilipokosea, maana dalili zilikuwepo tangu mwanzo nami nikazisoma vibaya.

Kabla ya hapo udongo wangu ulikuwa mtupu. Jua likikaza ulipasuka nyufa, na nikimwagilia, maji yalikimbia juu juu na kuondoka na udongo laini. Kila nilipomaliza kupalilia, majani ya mawaridi yalilegea siku mbili tatu, nami nikadhani ni jua. Baadaye nikajua kwamba waridi lina mizizi membamba ya kunyonya chakula karibu kabisa na uso wa ardhi, na kijembe changu kilikuwa kinaikata kila wiki. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu atandaze, hata mwenye mgongo mzima.

Matandazo yenyewe niliyapata kwa bahati. Watu waliokuwa wakikata miti karibu nasi walikuwa na mashine ya kusaga matawi, wakafurahi kunipa rundo zima bila malipo. Lakini bure hiyo ilinigharimu. Nililipa vijana wawili kusomba kwa toroli siku nzima, nikanunua turubai la kulifunika rundo, na kwa kuwa mgongo uliniuma sana wiki hizo, rundo likakaa chini ya turubai wiki tatu kabla sijaligusa. Nilipolifunua lilitoa mvuke, na sehemu ya chini ilinuka siki. Nikadhani ndiyo harufu ya mbao mbichi.

Haikuwa hivyo. Matawi mabichi yaliyosagwa, yakirundikwa juu na kunyimwa hewa, huchacha. Bakteria wanaoishi pasipo hewa hutengeneza asidi, na asidi hiyo huunguza mimea. Vichaka viwili vya mwisho wa safu, ambavyo ndivyo vilivyopata matandazo ya chini kabisa ya rundo, viliungua majani ya chini ndani ya siku mbili. Kingo za majani zikawa za kahawia kama zimepitiwa na moto. Siku hizi, kabla ya kutandaza chochote, natia mkono katikati ya rundo na kunusa kiganja. Matandazo mazuri yananuka udongo wa msituni baada ya mvua. Yakinuka siki, nayatawanya mahali pa wazi na kuyageuza kwa reki mara kwa mara mpaka harufu iishe. Hayana haja ya kutupwa, yanahitaji hewa tu.

Siku ya kutandaza nilifuata picha. Nilikuwa nimeona picha ya bustani ya mawaridi ambayo kila kichaka kimefunikwa chini kwa kilima cha kimo cha sentimita 20 hadi 30, vilima vimepangwa vizuri, bustani imetulia. Niliipenda. Sikujiuliza picha ile ilipigwa wapi wala msimu gani. Ilikuwa bustani ya nchi ya theluji. Kule watunza mawaridi hufunika sehemu ya chini ya kichaka baridi kali inapoanza, ili ubaridi usiue pale kikonyo kilipobebeshwa, yaani kilipounganishwa na mizizi ya waridi jingine, na baridi ikiisha hukifukua kilima chote. Ni koti la msimu. Mimi nilivika koti hilo kwenye joto na nikaliacha hapo hapo mvua zilipoanza.

Tena niliharakisha. Sikung'oa magugu, nikiamini giza litayamaliza. Sikuokota majani yaliyoanguka, na mengi yake yalikuwa na madoa meusi. Sikumwagilia kwanza, ilhali udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kutimua vumbi nikikanyaga. Nilimimina tu, nikakandamiza kwa mikono mpaka kila shina likasimama katikati ya kitu kama kichuguu.

Wiki sita za kwanza nilikuwa na furaha ya kweli. Magugu hakuna. Jumamosi nilikaa kivulini na kuyatazama maua yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niyapande. Wapita njia walisifia. Mtu mmoja tu hakusifia, bibi jirani yetu, ambaye amelima mawaridi tangu mimi sijazaliwa. Alisimama kwenye uzio akatazama kwa muda, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umeyazika yangali hai?"

Nilimjibu, "Ni matandazo, bibi, yanazuia magugu," nikabadilisha mazungumzo. Sikumuuliza ana maana gani. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu siku ile mashina yote 14 yalikuwa bado mazima.

Dalili ya kwanza ilikuwa kulegea. Nilikuwa namwagilia kila jioni kwa ndoo na kopo, juu ya matandazo panaonekana pamelowa vizuri, na bado majani yananing'inia. Nikaongeza maji kidogo. Ningefukua kwa mkono ningeona kwamba maji yote yananyweka kwenye matandazo na udongo wa chini ungali mkavu kama siku niliyoufunika. Matandazo hutunza kile kinachoyakuta. Yakikuta unyevu, yanautunza. Yakikuta ukavu, yanautunza nao, na manyunyu ya maji ya jioni hayapiti safu ya sentimita 20.

Kisha mvua zikaja, na tatizo likageuka. Sasa kila kitu kililowa na hakikukauka tena. Tawi moja la kichaka cha tatu likanyauka kutokea chini kwenda juu. Nikashuku mdudu wa kutoboa shina, nikanunua dawa, nikapuliza. Wiki iliyofuata likaja la pili. Nikanunua mbolea. Fedha niliyotumia kwenye dawa na mbolea miezi ile ingetosha kununua miche yote upya, na hakuna kati ya hivyo kilichogusa tatizo. Chini ya kila kilima palikuwa na giza, joto na maji, na gome la waridi, ambalo limeumbwa kukaa hewani, lilikuwa linaoza.

Nilimwendea bibi nikiwa nimenyong'onyea. Hakuninyooshea kidole. Alikuja na khanga yake kiunoni, akaanza kufukua kwa mikono kichaka cha kwanza, taratibu, mpaka tukafika kwenye shina. Konokono walikuwa wamejazana humo. Gome lilikuwa jeusi, laini, likitoka kwa vidole kama karatasi iliyolowa. Akanionyesha kipimo ninachokitumia mpaka leo: unakwaruza gome kwa ukucha, kidogo sana. Ukiona kijani kibichi chini yake, sehemu hiyo ingali hai. Ukiona kahawia, imekufa. Kisha unazunguka shina lote, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome hilo. Upande mmoja ukioza, kichaka kinaweza kujitibu. Gome likioza mzunguko mzima, mizizi inakosa chakula na kichaka kimekwisha, hata kama majani ya juu bado ni ya kijani na kuna tumba linalotaka kufunguka.

Vichaka vitatu vilikuwa kahawia mzunguko mzima. Kimoja kilikuwa na matumba matano siku hiyo. Niliyakata nikayaweka kwenye chupa ya maji ndani, na yalifunguka, na sikuweza kuyatazama kwa raha.

Cha nne, waridi la njano nililolipenda kuliko yote, kilikuwa na kijani kidogo chini kabisa. Tukakikata mpaka karibu na ardhi na kukiacha wazi. Baada ya wiki tatu kikatoa machipukizi marefu yenye nguvu, nami nikashangilia. Bibi alipoyaona alichutama, akafuata chipukizi moja kwa kidole mpaka linapotokea, akasema, "Hili si ua lako. Hili ni la chini." Sikumwelewa mpaka lilipochanua: maua madogo, mekundu yaliyoiva mpaka karibu na weusi.

Mawaridi mengi yanayouzwa ni ya kubebeshwa. Kikonyo cha ua unalolitaka hubebeshwa juu ya mizizi ya waridi jingine lenye nguvu, na pale vinapoungana pana kifundo kinachoonekana. Kikonyo cha juu kikifa, mizizi ya chini haifi pamoja nacho. Inatoa machipukizi yake yenyewe. Kule Marekani mizizi inayotumika sana ni ya waridi liitwalo Dr. Huey, ambalo hutoa maua mekundu yaliyokoza, na ndiyo maana watu wengi husema waridi lao "limebadilika rangi". Mizizi mingine, kama ya Rosa multiflora, hutoa vishada vya maua madogo meupe. Utasikia watu wakisema hesabu vijani vinavyounda kila jani, saba ni la chini na vitano ni la juu. Usikitegemee kipimo hicho, maana yapo mawaridi ya juu yenye vijani saba. Fanya kama bibi, fuata chipukizi mpaka lilipoanzia: likitokea chini ya kifundo, ling'oe mapema kwa kulivuta, usilikate juu juu, kwa sababu kisiki ulichokiacha kitachipua tena. Na hapa ndipo kilima kilipozidi kuniumiza. Kifundo kilikuwa kimefukiwa, kwa hiyo hata nilipoona machipukizi sikuwa na namna ya kujua ni ya juu au ya chini.

Vichaka kumi vilivyobaki tulivifukua siku ile ile. Matandazo yote yakaenda kwenye njia ya kupitia miguu, yakiwa membamba, na huko yalifaa sana. Mashina tukayaacha uchi kwa wiki kadhaa. Niliyakata matawi yaliyokufa mpaka kwenye sehemu ya kijani, nikifuta mkasi kwa spiriti kila nilipohama kichaka. Matatu yalikuwa na vidonda vya gome upande mmoja. Yote matatu yaliishi, ingawa moja lilikaa msimu mzima bila ua.

Mtu angetegemea nimeshajifunza. Kulikuwa na makosa mengine mawili, madogo zaidi.

La kwanza ni vumbi la mbao. Nilikuwa na mashimo matatu matupu, nami nikadhani nikichanganya vumbi la mbao ndani ya udongo nitaufanya mwepesi kwa ajili ya miche mipya. Miche ikadumaa, majani yakawa ya njano kuanzia yale ya chini. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na vumbi la mbao karibu halina. Kwa hiyo vinaichota kutoka kwenye udongo, na mche unabaki na njaa. Matawi yaliyosagwa yakilala juu ya ardhi, athari hiyo ni ndogo sana, inaishia pale mbao inapogusana na udongo. Ukiyachanganya ndani ndipo yanaponyang'anyana chakula na mizizi. Niling'oa miche, nikatoa udongo ule, nikajaza mboji iliyoiva, na nikapoteza nusu mwaka.

La pili ni majani, yaani nyasi, ya kukatwa kwenye uwanja. Niliyamimina mabichi, kwa unene wa kiganja. Baada ya siku nne yalikuwa yamegandana kuwa mkeka wenye ute na joto, maji hayapiti. Nyasi zilizokatwa ni nzuri kama utazianika kwanza na kuziweka kwa safu ya sentimita mbili au tatu kwa wakati. Na uulize kwanza kama uwanja ulipuliziwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Waridi nalo lina majani mapana, na baadhi ya dawa hizo hudumu ndani ya nyasi kavu na hata ndani ya samadi ya wanyama waliozila.

Nizungumzie ndago peke yake, kwa sababu ndiyo iliyonivunja moyo. Magugu ya mbegu yalikufa chini ya matandazo, kama nilivyotarajia. Ndago haikufa. Ina viazi vidogo ardhini vyenye akiba ya chakula, na chipukizi lake lina ncha kali kama sindano. Hutoboa hata karatasi ya plastiki. Ilipenya matandazo yangu yote, na kwa kuwa udongo chini ulikuwa laini na wenye unyevu, ilistawi kuliko zamani. Matandazo hayaiui. Kinachoichosha ni kuichimba na viazi vyake, kusubiri ichipue tena, na kuichimba tena kabla haijapata majani ya kutosha kurudisha akiba. Nilifanya hivyo kila baada ya siku kumi kwa miezi mitatu kabla ya kutandaza tena. Kijana mmoja alinisaidia kuchimba, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikiokota viazi. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na afadhali uifanye wakati udongo uko wazi.

Sasa nieleze ninavyofanya, nikianzia mwanzo.

Kwanza naokota majani yote yaliyoanguka, moja moja ikibidi, na kuyatoa bustanini kabisa, siyatii kwenye mboji. Ukungu unaoleta madoa meusi hubaki ndani ya majani hayo na kwenye matawi yenye ugonjwa. Tone la mvua likipiga juu yake, linarusha vimbegu vyake mpaka kwenye majani ya chini, na jani likibaki limelowa kwa takriban saa saba, ugonjwa umeingia. Matandazo safi yanaweka pazia kati ya ardhi na majani, na hiyo kwangu ni faida kubwa kuliko ya magugu. Msimu wa kwanza baada ya kufanya hivi madoa yalipungua sana bila dawa. Ukitandaza juu ya majani machafu unapunguza faida hiyo mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo namwagilia asubuhi, na maji yanakwenda chini, hayapiti juu ya majani.

Halafu natoa magugu kwa mkono, siyo kwa jembe. Kisha maji. Naloweka polepole mpaka nikichimba kishimo cha sentimita 15 kando ya kichaka nikute udongo umelowa mpaka chini. Kwenye nchi za baridi watu husubiri udongo upate joto kwanza, kwa sababu matandazo yanazuia joto lisiingie kama yanavyozuia lisitoke.

Juu ya udongo uliolowa naweka mboji au samadi iliyoiva vizuri, unene wa sentimita mbili au tatu. Samadi mbichi siigusi, inaunguza mizizi. Halafu matandazo, sentimita tano mpaka saba, basi. Nilikata kijiti nikakitia alama ya sentimita saba, nakichomeka hapa na pale, kwa sababu jicho hudanganya na mkono hupenda kuongeza.

Kwenye shina naacha duara tupu. Kipimo changu ni ngumi yangu: naiweka kati ya shina na matandazo, na lazima iingie pande zote bila kugusa, takriban sentimita 10. Nikisimama wima nataka kukiona kifundo kwa macho. Karibu na duara hilo nayapunguza matandazo yawe membamba, kama ukingo wa sahani, yasije yakaporomoka mvua ikinyesha. Kwa nje nayapeleka mpaka pale matawi yanapoishia, kwa sababu mizizi ya kunyonya iko kote huko.

Hesabu ya kiasi ni rahisi, na ningeifanya mapema ningewapunguzia vijana wale kazi. Mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita saba ni lita 70, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20. Bustani yangu ya mita 12 za mraba inahitaji lita 840, ndoo 42. Mara ya kwanza nilimimina karibu mara tatu ya hizo.

Kuhusu aina, mapenzi yangu ni majani makavu ya miti yaliyosagwa au kukatwakatwa, na matawi yaliyosagwa yaliyokaa nje miezi kadhaa. Majani mazima, mapana, hugandana kama kurasa za kitabu. Magome ya miti hudumu zaidi lakini hulisha udongo polepole. Mabua na nyasi kavu ni nzuri zikiwa hazina mbegu. Nilileta mzigo mmoja wenye mbegu na nikavuna magugu mapya niliyokuwa sijawahi kuyaona. Kokoto sizitaki kwenye mawaridi, zinashika joto na hazigeuki kuwa udongo kamwe. Plastiki nyeusi nayo inazuia mvua na hewa. Maganda ya kakao ni mazuri kwa macho, lakini yana kemikali inayodhuru mbwa, na mbwa huvutwa na harufu yake. Mwenye mbwa ayaache. Pale penye mchwa, acha nafasi tupu ya sentimita 30 kati ya matandazo ya mbao na ukuta wa nyumba, uweze kuona njia zao wakianza kujenga.

Vaa glavu za ngozi, ndefu. Mimi nilianza na za kitambaa, na miiba ilipita kila siku. Kuna kuvu aitwaye Sporothrix anayeishi kwenye nyasi kavu, kuvumwani na mabaki ya mimea, na mwiba wa waridi ni njia yake ya kuingilia mwilini. Kinatokea kivimbe kisichopona, wiki kadhaa baada ya kuchomwa, na wakati mwingine vingine vinafuatana kupanda mkononi. Ukiona hivyo mwambie daktari kwamba unashika mawaridi na matandazo, maana bila kuambiwa huenda asifikirie huko.

Baada ya kutandaza kazi iliyobaki ni ndogo lakini ipo. Kila wiki nasukuma kidole chini ya matandazo mpaka kiungo chake cha pili. Kukiwa na unyevu, simwagilii. Nimepunguza kumwagilia kutoka kila siku mpaka mara moja kwa wiki wakati wa jua, ila mara hiyo moja ni maji mengi. Uso wa matandazo ukifanya gamba gumu naupasua kwa reki. Nikitaka kuweka mbolea nayavuta pembeni, naweka, namwagilia, nayarudisha. Wakati mwingine hutokea ute wa njano unaong'aa juu ya matawi yaliyosagwa, kama kitu kilichomwagika. Ulinitisha sana mara ya kwanza. Haudhuru waridi, hukauka wenyewe, au ukipenda unautoa kwa koleo. Na kabla ya kuongeza matandazo mapya, ambayo kwangu huwa kila baada ya miezi minane hivi, napima yaliyobaki. Kuna waliotandaza kila mwaka bila kupima, wakajikuta wamejenga kilima kile kile changu, kidogo kidogo, pasipo kujua.

Udongo umebadilika. Nikifukua sasa nakuta nyungunyungu, na mizizi myeupe ya waridi imepanda mpaka pale mboji inapokutana na matandazo. Palizi ya Jumamosi imekuwa dakika 20 za kung'oa vimagugu vichache, vinavyotoka kirahisi kwa sababu ardhi ni laini. Mgongo unanishukuru.

Mashimo matatu yana miche mipya, ya mwaka wa pili sasa. Lile la njano sikuling'oa. Bibi ananiambia nilitoe niweke jipya, na ana haki, maana machipukizi yake yanatoka hovyo na linachanua mara moja tu kwa mwaka. Nimeliacha na maua yake mekundu. Juzi nilipopima, matandazo yake yalikuwa yamebaki sentimita tatu. Ndoo nne ziko tayari kando ya uzio, nimeshazinusa, na nasubiri mvua inyeshe mara moja ilowe ardhi kwanza.